Ndoo Iliyonuka Mayai

Vijana wangu wa Juru, na nyinyi mliohamia Mbarara mkajifunza kupika bia kwenye simu, mnanichosha na picha zenu. Kila wiki simu inalia, nafungua, naona ndoo imepigwa picha kutoka juu, povu jeupe, na chini yake maneno matatu: "Mama, iko nzima?" Nitajuaje? Picha hainuki. Picha huwezi kuiwekea sikio. Mnanionyesha uso wa mgonjwa bila kuniambia kama alilala, kama alikula, kama ana homa.

Basi nawaandikia mara moja, na karatasi hii muitunze. Aliyesoma kunizidi anisahihishe herufi, lakini pombe asinisahihishe. Shule niliishia darasa la pili huko Burundi. Mtama nimeupika tangu nilipokuwa namfikia mama yangu kiunoni, na nimeacha juzi tu, magoti yalipokataa kabisa.

Msidhani nilizaliwa najua. Mwaka wangu wa kwanza Juru, tulipofika wakimbizi, nilianika kimea cha mtama juu ya shitingi, zile plastiki tulizopewa za kuezekea. Kwetu tulianika juu ya mkeka, na mkeka unapumua. Plastiki haipumui. Kimea kikatoka jasho chini, kikaota ukungu wa kijani, na mimi kwa ubishi wangu nikakisaga nikakipika. Kijiji kizima kiliendesha tumbo. Kwa miezi mitatu waliniita Mama Choo, hata katekista aliniita hivyo, halafu akaomba msamaha. Tangu hapo, kimea nakinusa kabla ya kukigusa. Kizuri kinanuka tango bichi wakati kinaota, na kikikauka kinanuka biskuti. Kikikunukia pango, mpe nguruwe wa adui yako.

Sasa sikilizeni jambo lililonifunga macho baadaye. Impeke, pombe yetu ya mtama, haijui kujificha. Unaitia chachu asubuhi, jioni inapanda, inanguruma, inasukuma kifuniko. Mtungi ukinyamaza, umekufa. Ukinuka vibaya, umeoza. Ndivyo nilivyojua kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kukosea. Kwa hiyo nilipoingia kwenye bia ya laga, hii inayochachukia kwenye baridi kisha inalazwa wiki nyingi, niliingia na macho ya mtama.

Aliyeniingiza ni Mama Akankwasa. Ni Mnyankore, mke wa askari wa kambi pale Mbarara, na alikuwa akija kununua pombe yangu siku za soko Kaberebere. Wakati huo magoti yalishaanza. Kubeba maji Juru, kutafuta kuni, kusukuma baiskeli yenye madumu kupandisha mlima, yote yalikuwa yananishinda, ila sikumwambia mtu. Yeye aliona tu jinsi nilivyoinuka kwenye kigoda.

"Nyabo, wewe utakufa na hiyo mitungi," aliniambia. "Njoo kwangu Kamukuzi. Mimi iko na chumba nyuma ya nyumba. Maji iko, stima iko, friza ya kulala iko, ile nilikuwa nauzia soda. Lakini askari hawataki pombe ya uji. Askari anataka kuona kidole yake upande ingine ya glasi."

"Nitapika hiyo ya kuona kidole."

"Umeshapika?"

"Bado."

Alicheka mpaka akashika meza ya jirani. Kisha akanipa masharti. Wiki sita kuanzia siku ya kupika, hadi mume wake arudi kutoka misheni ya jeshi. Bia ikitoka nzuri, chumba ni changu cha kazi. Isipotoka, kuna mwanamke anakitaka afungue saluni, na ameshakuja kukiangalia mara mbili. Nilielewa vizuri. Nikikosa chumba hicho, nitarudi Juru kukaa mlangoni na kungoja wanangu waniletee chakula. Mimi si mtu wa kuletewa chakula.

Fundi wangu katika jambo hili alikuwa Papa Byamungu, Mkongomani, jirani yangu Juru, anatengeneza baiskeli. Kabla ya kukimbia kwao alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha bia, kazi ya kuingia ndani ya matangi na kuyasugua. Mainjinia walipima kwa vioo vyao, yeye aliyafahamu matangi kwa pua. Nilimfuata nikamwambia nifundishe. Akanifundisha akiwa amepindua baiskeli, mikono ina grisi, haniangalii.

"Mama Leokadia, iyi bière haiko kama yenu. Inatumikia fasi ya baridi. Degré kumi. Inatumika polepole, haina makelele. Weye kazi yako ni kuacha."

"Kuacha nini?"

"Kuacha tu."

Shayiri nilipata gunia moja, kaka wa Mama Akankwasa anaendesha lori na aliitoa Kapchorwa. Niliiotesha kimea mwenyewe, juu ya mkeka, na hapo sikuhitaji mwalimu. Maua makavu ya kutia uchungu na pakiti moja ndogo ya chachu ya laga vilitoka Kampala. Pakiti moja. Hakukuwa na nyingine hapa Mbarara, na ile ilisafiri ndani ya barafu kama dawa ya chanjo.

Papa Byamungu aliposema digrii kumi, nilikwenda duka la dawa nikanunua kipimo cha homa. Nikakichovya kwenye maji ndani ya friza, nikasubiri. Kimya. Nikakitikisa, kimya. Nikarudi dukani kugombana.

"Kibovu hiki."

"Mgonjwa ni nani, mama?" akauliza binti.

"Mgonjwa ni bia."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, hiki kinaanzia kwa mtu aliye hai."

Mnacheka, sawa. Lakini nani kati yenu alifikiria kwenda kwa watu wa maziwa? Mimi nilifikiria. Mbarara hii nzima ni maziwa, na wanaoyapoza wana kipimo kirefu kinachosoma baridi. Mmoja aliniuzia cha zamani chenye ufa kwenye ganda. Friza ikizidi kupoa nilichomoa waya, ikipanda nilichomeka. Usiku na mchana kama mama wa mtoto mchanga. Siku hizi mna kifaa kidogo kinachowasha na kuzima chenyewe. Kinunueni, mlale.

Nilipomaliza kupika nilijaza ndoo mbili kubwa za plastiki. Ndani ya friza ilienea moja. Ya pili niliisimamisha sakafuni ndani ya beseni la maji, nikaivalisha gunia lililoloa. Papa Byamungu, aliyekuja siku hiyo kunisimamia, hakupenda.

"Hiyo ya chini itapata joto. Iyi levure, chachu yako, ikipata joto inakuwa wazimu."

"Chumba hiki kina baridi."

"Baridi ya mutu, hapana ya bière."

"Acha nione mwenyewe."

Akainua mabega. "Basi ona. Lakini usifungule-fungule." Akarudi Juru kwenye baiskeli zake.

Nilifungua kila asubuhi. Siku ya kwanza, ndoo ya sakafuni ilikuwa inachemka, povu limefika juu, na harufu yake ilikuwa ya ndizi mbivu. Nikafurahi. Nikafungua friza: maji ya kahawia yametulia kama kisima. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ile ya friza ikatoa povu jembamba, kama mate ya mtoto aliyelala. Nikaweka sikio, nikasikia mnong'ono mdogo sana. Nikaionea aibu. Nilikuwa naiangalia kama mtoto wa tumbo langu ambaye hatembei wakati wenzake wanakimbia.

Siku ya tano alikuja Sinzinkayo, ndugu wa marehemu mume wangu, mzee wa Juru aliyekuja mjini kutibiwa jino. Jino linamuuma lakini mrija wake wa tete ulikuwa mfukoni, maana mtu wetu haendi mbali bila mrija. Na kwetu, mtu mwenye mrija akikuta pombe inachachuka, humnyimi kionjo. Ukimnyima ni kama kusema umetia kitu ndani. Nilijua Papa Byamungu alisema nini. Nikafungua hata hivyo.

Alichovya mrija kwenye ndoo ya sakafuni, akavuta, akafumba macho.

"Shemeji, hii iko hai. Hii itavaa viatu iende yenyewe sokoni." Kisha akachungulia friza. "Na humu kwenye sanduku umezika nani?"

"Funga mdomo wako wenye jino moja."

"Jino moja lakini halijaoza kama hii. Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa kweli. Mayai. Mayai yaliyosahauliwa chini ya kuku aliyekufa. Sikuwahi kunusa kitu hicho kwenye mtungi wangu wowote, hata mwaka ule wa Mama Choo. Nilishusha mfuniko nikakaa juu yake, na Sinzinkayo akaenda kwa daktari wake akicheka upande mmoja wa mdomo.

Kesho yake Mama Akankwasa akaingia. Hakuhitaji kufungua chochote, harufu ilimpokea mlangoni.

"Nyabo, kwani mtu amekufa hapa?"

"Ni ile ya friza."

Akainua mfuniko, akauachia. "Hii kitu imeoza. Mwaga leo. Mimi nakaa na watu hapa, majirani watasema nafuga maiti." Akainamia ndoo ya sakafuni, uso ukafunguka. "Hii ndiyo sawa. Hii inanukia. Fanya hii."

Simu yangu ilikuwa mfukoni. Ilikuwa na pesa ya kupiga. Sikupiga. Niwaambie kwa nini, maana ndiyo sababu naandika: niliona haya kumwuliza mtengeneza baiskeli kama pombe yangu imeoza. Mimi, Leokadia, nimwulize mtu harufu ya uozo?

Asubuhi iliyofuata niliiburuta ndoo ya friza hadi kwenye mtaro wa nyuma, nikaiinamisha. Ilitoka polepole, na ilivyokuwa ikitoka niliona kwamba si chafu kama nilivyofikiri. Ilikuwa rangi ya asali nyepesi. Nikaendelea kumwaga kwa sababu nilishaanza. Ilipokwisha nikaigeuza niioshe, nikaona chini.

Chini palikuwa na utando mzito, rangi ya krimu, laini kama uji wa mtoto, umelala sawasawa bila doa, na kutoka humo vitone vidogo vya hewa vilikuwa bado vinapanda. Nilichovya kidole nikakinusa. Mkate. Mkate wa asubuhi uliotoka kwenye oveni. Nikakiweka ulimini. Hakuna uchachu, hakuna uozo, uchungu mdogo tu na mkate.

Niliketi chini kwenye saruji iliyoloa. Hapo ndipo nikapiga simu.

"Papa Byamungu, bia ikinuka mayai yaliyooza, ni ugonjwa gani?"

"Hapana ugonjwa. Iko inatumika. Bière ya baridi ikitumika muzuri inatoa ile harufu, kisha inaisha yenyewe. Siku ngapi?"

"Hii ni ya saba."

"Njo vile kabisa. Usifungule."

Nikaitazama ndoo tupu.

"Mama Leokadia. Iko wapi?"

"Kwenye mtaro."

Nilisikia spana ikiwekwa chini. Nilingoja matusi, nilikuwa tayari kuyapokea. Akauliza, "Na levure? Ile ya chini ya ndoo?"

"Iko mbele yangu. Nilikuwa naenda kuisugua."

"Weka sabuni chini. Mama, unanisikia? Weka sabuni chini. Funika na kitambaa kisafi, rudisha mu friza. Minakuja."

Alifika mchana na vumbi hadi kwenye nyusi. Hakunisema. Alipiga magoti mbele ya friza, akaitazama ile chachu muda mrefu kama mtu aliyekutana na ndugu yake. "Iko muzima kupita sisi," akasema. Kimea nilikuwa nacho nusu gunia. Tulisaga, tulipika, tulipoza, na kabla ya giza maji mapya matamu yalikuwa juu ya chachu ya zamani. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Papa Byamungu alisema wiki mbili za kuchachuka na tatu za kulala, na kwamba kulala huko ni kama kwa askari, viatu miguuni. Lakini itafika.

Sasa shikeni yale aliyonionyesha siku zilizofuata, maana ndoo ya sakafuni, ile nzuri, ile ya kuvaa viatu, ilianza kusema ukweli. Povu lake lilishuka haraka. Harufu ya ndizi ikageuka ikawa ya rangi ya kucha. Kisha juu ikaota ngozi nyeupe kavu, imekunjamana kama uso wa maziwa yaliyopoa, na mapovu makubwa yamenaswa chini yake. Papa Byamungu akaniambia nichote kidogo kwa kijiko kisafi.

"Puliza."

Nikapuliza. Ngozi ikajikunja ikarudi.

"Povu ukiipuliza inakimbia. Ngozi inajikunja. Ile ni mugeni, aliingia na mutu. Nani alifungula?"

Nikamwambia habari ya mrija. Akauliza kama mrija ulichemshwa. Nikamwuliza kama yeye amewahi kuona mrija wa Mrundi ukichemshwa. Akasema basi, mgeni alitoka mdomoni kwa shemeji.

Kwa hiyo mnaponiuliza kama iko nzima, angalieni hivi. Povu la laga ni jembamba, lina madoa ya kahawia, linanata ukutani mwa ndoo na kuacha pete linaposhuka. Madoa hayo si uchafu. Mayai yakinuka katika wiki ya kwanza, furahini kimya kimya. Yakinuka hadi wiki ya nne, hapo niiteni. Ukisikia siagi mdomoni, itoe kwenye baridi kali ikae siku mbili kwenye ubaridi wa chumba, chachu itaila siagi hiyo, kisha irudishe. Siki, hiyo haina dawa. Na ngozi ya kukunjamana msinitumie picha yake, mwageni.

Lakini mimi nilikuwa bado sijamwambia mwenye nyumba. Mama Akankwasa alikuwa ameshawatangazia wake wa askari kambini kwamba bia ya ndizi inakuja. Siku niliyoitoa ndoo ile nje, alikuwa uani anaanika nguo. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: wewe ndiye ulisema mwaga. Ni kweli alisema. Nikayameza, maana mkono ulioinamisha ndoo ulikuwa wangu.

"Hii imeharibika," nilimwambia. "Ile iliyonuka ndiyo ilikuwa nzima. Nimemwaga bia nzima, nikabakiza mgonjwa. Nimeanza upya juu ya chachu yake. Na hiyo mpya nayo itanuka mayai, kesho au keshokutwa."

Akashika shati la mumewe bila kulitundika. "Wewe ulijua iko nzima?"

"Sikujua. Ningeuliza ningejua."

"Mimi nilisema mwaga kwa sababu inanuka. Mimi iko muke wa askari, najua pombe wapi? Wewe ndiyo fundi." Akalitundika shati, akaligeukia lingine. "Kwa nini ulinisikia?"

Vijana, nimetukanwa na watu wengi, Burundi na Uganda. Hakuna tusi lililoniingia kama swali hilo, na hakulisema kwa hasira.

Ilinuka siku ya nne, kama nilivyosema. Akaja akasimama mlangoni, ukingo wa kitenge puani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya friza.

"Nyabo, umesema siku ngapi?"

"Hadi Jumapili."

"Na majirani?"

"Waambie unachemsha mayai."

Akaenda. Jumapili nilipotoka misa nikainua mfuniko kidogo tu, upana wa pua. Mayai hayakuwepo. Nilinusa tena, nikadhani nina mafua. Hayakuwepo. Kulikuwa na mkate na kitu kama majani makavu. Nilifunga, na sikufungua tena. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwenye ufundi huu. Nilikuwa naupitisha mkono juu ya mfuniko kama mtu anayepapasa tumbo la mjamzito, na siufungui.

Mume wake alikuwa anarudi Jumanne. Jumatatu mchana tulitoa jagi la kwanza, mimi, Papa Byamungu na Mama Akankwasa. Nilikunywa kwanza, maana kwetu aliyepika ndiye anayetangulia, mgeni aone kwamba hakufi mtu. Halafu nikamjazia yeye. Haikuwa ng'avu kama ya chupa. Ilikuwa kama maji ya mto Rwizi alfajiri, kabla ng'ombe hawajaingia. Aliweka kidole nyuma ya glasi, akasogea kwenye mwanga wa mlango, akakitafuta. Akainamisha glasi kidogo. Akakiona.

Alikunywa nusu. Papa Byamungu alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa naangalia koo lake.

"Chungu," akasema. Akanywa tena. "Lakini inarudisha mtu."

Pale uani kukapigwa hodi. Ni yule mwanamke wa saluni, amekuja na fundi wake mwenye futi ya kupimia, maana wiki sita zilikuwa zimeisha na yeye hesabu yake alikuwa nayo. Mama Akankwasa alitoka na glasi mkononi. Tulimsikia akimsalimia vizuri, akimwuliza habari za watoto. Kisha akamwambia fundi apime ule ukuta wa upande wa barabara, huko ndiko kunafaa saluni, watu wanapita, kwa sababu chumba cha nyuma kina mtu.